Kufunga redio na spika kwenye boti ya uvuvi Nyumba ya Mungu: umeme nichukue wapi?

Mvuvi wa Kahe

Wakuu, habari za kazi.

Nina boti ya mbao, mita 6 na nusu, inavua perege bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa Lang'ata. Injini ni ya HP 15, ya kuvuta kamba, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ndani kuna betri ya maji ya volti 12, ampea-saa 50, paneli ya sola ya wati 50 na kontrola ya kuchajia, aina ya PWM, ya ampea 10. Kwa sasa betri inawasha taa mbili tu za LED, wati 10 kila moja, kama saa 8 kwa usiku.

Nataka kuongeza redio ya gari yenye Bluetooth na USB, imeandikwa 4×50W, pamoja na spika mbili za inchi 6 na nusu. Sihitaji kelele ya disko. Nataka muziki wa wastani, taarifa ya habari na utabiri wa hali ya hewa wa TMA, kwa saa 6 hivi kila safari.

Nimepewa ushauri wa aina tatu: nichukue umeme kwenye waya wa kuchajia wa injini, waya mweusi wa redio nifunge kwenye bolti yoyote ya chuma, na nisihangaike na fyuzi kwa sababu redio ina ya kwake nyuma. Je, uko sawa? Na spika nizifunge wapi ili zisife na mvua ya kwanza?

---

Fundi Waya Moshi

Mkuu, ushauri wote huo uache.

Koili ya taa kwenye injini ndogo za kuvuta kamba hutoa umeme wa AC, kwa kawaida wati 60 hadi 80. Redio ya gari inataka DC, volti 11 hadi 14.4 hivi. Ukiunga moja kwa moja umeiua. Hata ukiweka dayodi za kugeuza AC kuwa DC, bila regyuleta (kifaa cha kudhibiti volti) volti zinapanda kadiri injini inavyokoleza. Betri ikiwa imeungwa vizuri inazimeza. Siku terminali ikilegea injini ikiwa mwendo kasi, volti zinapita 16, na redio nyingi za gari hazivumilii hapo. Redio inazima, halafu maji yanasingiziwa. Ukitaka injini isaidie kuchaji, tafuta regyuleta ya injini hiyo hiyo, ipeleke umeme kwenye betri, na redio ichukue umeme kwenye betri peke yake.

Fyuzi iliyo mgongoni mwa redio inalinda redio. Waya wa mita 4 kutoka kwenye betri hadi hapo haulindwi na chochote. Betri ya ampea-saa 50 ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya unawaka mwekundu, ganda linayeyuka, na kwenye boti yako tangi la petroli halipo mbali. Weka fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya, ndani ya sentimita 18 kutoka terminali ya betri. Hiyo ya redio ibaki pale pale. Kishikio cha fyuzi kiwe cha kufunika, na kisikae juu ya tangi wala karibu na mdomo wake, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unatuama chini.

Kuhusu waya mweusi: kwenye gari bodi nzima ni chuma, ndiyo maana fundi wa magari anafunga popote. Mbao hairudishi umeme. Bolti haiendi kokote, au inaenda kwenye injini na kukuletea mngurumo. Vuta waya hasi hadi terminali hasi ya betri, unene ule ule wa waya chanya. Na wenye boti za aluminiamu wasikilize hapa pia: bodi isitumike kama njia ya kurudishia umeme, itakuliwa na kutu kwenye viungo.

Unene wa waya ndio wengi wanapokosea. Tuchukue redio iko mita 4 kutoka kwenye betri, maana yake umeme unasafiri mita 8, kwenda na kurudi. Kwa mzigo wa ampea 10:

waya wa mm² 1.5 unapoteza volti 0.93
waya wa mm² 2.5 unapoteza volti 0.56
waya wa mm² 4 unapoteza volti 0.35

Betri iliyofika nusu ina volti 12.2. Toa 0.93, redio inapata 11.27. Kila besi ikipiga inashuka zaidi, taa ya kioo inafifia, mwishowe redio inajizima na kuwaka tena yenyewe. Watu hubadilisha redio, na kosa ni la waya. Weka mm² 4.

Aina ya waya nayo iangalie kabla hujalipa. Ule mgumu wa nyumba, wa uzi mmoja, usitumie kabisa. Mtikisiko wa injini unauvunja ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Nunua wa nyuzi nyingi nyembamba. Kisha kwangua nyuzi mbili tatu kwa ncha ya kisu. Ikiwa nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache dukani. Ikiwa nyeupe nje na nyekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na ndiyo bora kwa boti. Ikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba tupu. Inafaa kwa maji baridi kama ya bwawa, ila ncha zake uzibe vizuri, kwa sababu unyevu hupanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi. Ukichubua kiungo kilichoachwa wazi msimu mmoja, unakuta shaba nyeusi yenye unga wa kijani, na ukikata sentimita kumi zaidi bado ni nyeusi.

Viungo: lagi (kichwa cha chuma cha ncha ya waya) ya kubana kwa koleo lake, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni kazi ya wiki tatu. Lehemu peke yake nayo haitoshi. Pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, na mtikisiko unaukata hapo hapo.

Rangi za redio nyingi ni hizi, ila hakikisha kwenye karatasi yake:

Njano: chanya ya kudumu. Huu ndio unaobeba mzigo wote.
Nyekundu: wa kuiamsha redio tu.
Mweusi: hasi.
Bluu, au bluu wenye mstari mweupe: wa kuwasha antena au amplifaya. Kama huna, funika ncha yake na usiuguse.
Nyeupe spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi ya spika.

Njano na nyekundu ziunganishe pamoja baada ya swichi moja ya ampea 20 isiyopitisha maji. Kweli, ukizima swichi redio inasahau saa na stesheni. Lakini ukiacha njano kwenye betri muda wote, redio nyingi zinanyonya miliampea 10 hadi 20 zikiwa zimezimwa. Miliampea 20 ni karibu nusu ampea-saa kwa siku, na boti ikikaa ufukweni mwezi mzima bila jua kwenye paneli, ni ampea-saa 14 zimekwenda bure.

Hasi za spika zisiguse hasi ya betri, wala zisiunganishwe zenyewe kwa zenyewe ili kuokoa waya. Kwenye redio za sasa nyaya zote mbili za spika zina volti. Ukigusisha, ama redio inajikinga na kuzima, ama IC (chipu) ya sauti inaungua.

---

Sola Njiro

Nakubaliana na fundi kuhusu nyaya. Mimi naona tatizo lako kubwa liko kwenye hesabu ya umeme, mkuu, hata kabla hujanunua hiyo redio.

Kwanza hiyo 4×50W isikutishe. Geuza redio, soma fyuzi ya nyuma. Ikiwa ya ampea 10, basi 10 × 12 ni wati 120 zinazoweza kuingia, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto kwenye bati la mgongoni. Wati 200 za sauti hazitoki hapo. Kwa sauti ya wastani na spika mbili, hesabu ampea 2.

Taa zako: wati 20 gawanya kwa 12, ni ampea 1.7. Kwa saa 8 ni ampea-saa 13.5 hivi. Redio: ampea 2 kwa saa 6 ni 12. Jumla 25.5. Betri ya risasi kama yako, ya 50, hutakiwi kushusha chini ya nusu ukitaka idumu, yaani una 25. Umefika ukingoni.

Sasa kurudisha. Paneli ya wati 50 jua likiwa kali inatoa ampea 2.8. Ukipata saa 5 za jua zuri ni ampea-saa 14, na betri ya risasi haipokei yote. Hesabu 11 au 12. Unatumia 25, unarudisha 12. Usiku wa pili betri inaanza ikiwa haijajaa, wa tatu iko hoi, na betri inayolala na njaa kila siku inaota salfeti kwenye sahani zake. Ongeza paneli ya pili ya wati 50, ya volti sawa na ya kwanza, uziunge sambamba. Kontrola yako ya ampea 10 inazimudu, kwani mbili kwa pamoja ni 5.6. Wakati wa mawingu ya Juni na Julai huku kwetu, punguza saa za redio.

Ukiunga kontrola, betri kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli itoke kwanza.

Watakuambia uchukue umeme wa redio kwenye sehemu ya mzigo ya kontrola, ile yenye alama ya balbu, ili ikate yenyewe betri ikishuka. Taa ziache hapo. Redio usiiweke. Kwanza, besi ikipiga inaweza kuvuta ampea 9 kwa mpigo, ukijumlisha na taa umepita 10, kontrola inakata. Pili, kontrola nyingi za bei ndogo hukata upande wa hasi. Wavu wa nje wa waya wa antena umeungana na hasi ndani ya redio. Antena ikigusa chuma chochote kilichoungana na hasi ya betri, umeme unapata njia ya kuzunguka na ile kinga inakuwa haipo. Redio itoke kwenye betri kupitia fyuzi na swichi kama fundi alivyosema, na ununue kifaa kidogo cha kukata volti ikishuka, ukiweke kikate kwenye 11.8.

Kama unapima kwa mita: betri iliyopumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji, 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Ukipima redio ikiwa inaimba, namba hiyo haikuambii hali halisi.

Betri yenyewe ifungwe kwa mkanda ndani ya boksi lenye mfuniko na matundu ya hewa juu. Ikichaji inatoa haidrojeni. Uzito wake unakaribia kilo 15, kwa hiyo ikae chini, katikati ya upana wa boti, na chini yake uinue kwa vipande vya mbao ili isikae ndani ya maji ya ngama.

---

Mbao na Spika

Niongelee spika, maana hazijaguswa.

Spika za gari zenye koni ya karatasi hazifai. Unyevu unailainisha, ukingo unaachia, na mwisho koili inasugua. Unasikia sauti ya kukwaruza kwenye besi. Tafuta zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, zilizoandikwa za boti au angalau zisizopitisha maji kwa mbele. Jua la bwawani nalo ni adui, plastiki isiyo ya jua inapauka na kuvunjika.

Spika isiyo na boksi haina besi, kwa sababu hewa ya nyuma inazunguka na kuua ya mbele. Watu wanaongeza sauti kutafuta besi mpaka redio inachemka. Tengeneza boksi la plaiwudi ya milimita 12, ndani liwe sentimita 20 kwa 20 kwa 25. Hiyo ni lita 10, inatosha kwa inchi 6 na nusu. Gundi isiyopitisha maji, skrubu za chuma kisichoshika kutu, kisha rangi au vanishi mara tatu, na kingo za tundu uzipake pia kwa sababu hapo ndipo plaiwudi inapokunywa maji. Kipimo cha tundu usikibuni. Chukua kiolezo kilichokuja na spika, nyingi zinakaribia milimita 130, ila zinatofautiana.

Uso wa spika uinamishe chini kidogo ili mvua isituame. Chini ya boksi toboa tundu la milimita 4. Waya uingie kutoka chini, na kabla ya kuingia uuache uning'inie mkunjo kama herufi U, maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi ndani. Redio nayo ifanyie hivyo hivyo: sanduku lenye mlango, juu ya usawa wa maji yanayoruka, mkunjo chini, na nafasi ya hewa nyuma ya lile bati la joto.

Silikoni ya kuzibia isiwe ile inayonuka siki. Ile asidi yake inakula shaba. Ipo isiyonuka.

Boksi usilipige misumari moja kwa moja kwenye mbavu za boti. Weka vipande vya mpira wa tairi, unene wa sentimita moja, kati ya boksi na mbao. Samaki wanasikia sauti nzito, na mbao ya boti ikitikisika inaipeleka majini, ambako sauti hukimbia zaidi ya mara nne ya hewani. Ukitega nyavu, punguza besi au zima kabisa.

Kila spika iende kwenye njia yake, kushoto na kulia. Mbili za omu 4 ukizifunga sambamba kwenye njia moja zinakuwa omu 2, na redio nyingi zinataka 4, chini ya hapo hazitaki.

Kabla hujafunga, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye spika, chanya kwa chanya. Koni lazima itoke nje kwa zote mbili. Moja ikiingia ndani, alama zake zimekosewa, na ukizifunga hivyo besi inapotea hata kama kila kitu ni kipya.

---

Mvuvi wa Kahe

Nawashukuru sana, wakuu. Nimefuata: waya mm² 4, fyuzi 15 kwenye betri, paneli mbili, maboksi juu ya mpira. Bluetooth iko safi kabisa. Shida ni FM. Injini ikiwaka kuna tik-tik inayofuata mwendo wake, na usiku hata injini ikiwa imezimwa kuna mvumo kama wa nyuki. Stesheni za Moshi zinashika kwa tabu. Antena ni ile fupi ya gari, nimeifunga juu ya sanduku la redio.

---

Fundi Waya Moshi

Bluetooth ikiwa safi, umeme wako hauna tatizo. Thibitisha: chomoa plagi ya antena wakati kelele ipo. Ikikoma, inapita hewani na kuingia kwa antena. Ingebaki, ingekuwa inapita kwenye nyaya.

Tik-tik ni cheche za plagi ya injini. Tumia plagi zenye kizuizi ndani. Kwa NGK zina herufi R, kwa mfano BR7HS-10 mahali pa B7HS-10. Soma ya kwako kwenye injini ununue namba ile ile yenye R, usibadilishe namba ya joto. Kagua pia kofia za plagi kama zimepasuka, na waya wa antena usilale karibu na injini.

Mvumo wa usiku karibu hakika ni taa za LED. Zima moja moja usikilize. Zile za bei ndogo zina saketi inayotupa kelele kwenye FM. Badilisha taa, au sogeza antena mita 2 kutoka kwake. Ukiusikia mchana pia, funika paneli kwa turubai. Ukikoma, unatoka kwenye kontrola.

---

Sola Njiro

Na antena yenyewe, mkuu. Ile ya gari inategemea bati la gari chini yake. Kwenye mbao ni nusu ya antena.

Tengeneza hii: waya wa antena ya TV, chubua, tenganisha uzi wa katikati na wavu wa nje. Unga kila mmoja kwenye fimbo au waya wa sentimita 71, mmoja uelekee juu na mwingine chini, kwenye bomba la plastiki lililosimama. Urefu huo unalenga katikati ya FM, karibu na MHz 100. Pale pa kuungia zibe kwa silikoni isiyonuka siki. Ncha nyingine weka plagi ya antena ya gari. Iinue mita 2 juu ya boti, mbali na taa. Jaribu pia kuilaza, maana stesheni nyingine zinashika vizuri hivyo.

Mawingu ya radi yakianza kujikusanya upande wa Upare, ilaze chini, uchomoe plagi, na boti ielekee nchi kavu.